Kumwongoza mwanafunzi Mutwa kuchagua opsio na kazi: mwongozo kwa walimu wa Bukavu na vijiji vya kando

Nimeandika haya kwa mwalimu wa Bukavu, Kabare, Kalehe au Idjwi, hapa Kivu Kusini, Kongo, ambaye katika darasa lake la 8 ana wanafunzi wawili au watatu wa Batwa, watu wa asili ambao wazee wao waliishi msituni, na prefe (mkuu wa shule) ameshaanza kuuliza nani anakwenda opsio gani, yaani mchepuo gani wa masomo. Mshauri wa masomo aliyeisomea kazi hiyo hayupo katika kila shule. Mara nyingi kazi hiyo inakuangukia wewe mwenye darasa, katikati ya kusahihisha mitihani na kutafuta chaki.

Shida ninayoiona kila mwaka ni kwamba mtoto huyu tunampangia maisha kwa kuangalia kabila lake, kisha tunampima kwa alama zilizotokana na njaa na kufukuzwa kwa kukosa minervali (ada ya shule). Makosa hayo mawili yanarekebishika kabla ya TENASOSP, mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la 8 unaomwelekeza mtoto kwenye opsio. Yakishapita hapo, ni kazi ngumu kuyafuta.

Hatua ya 1: Anza darasa la 7

Kwetu uamuzi mkubwa unafanyika mapema. Elimu ya msingi ni miaka 8, humanite (sekondari ya juu) ni miaka 4, na opsio inachaguliwa pale katikati, mtoto akiwa na miaka 14 hivi. Mutwa aliyechelewa kuanza shule anaweza kuwa na 16 au 17, na nyumbani wameshamhesabu kuwa mtu mzima. Aliyepelekwa Ushonaji bila kuulizwa atahangaika sana kama moyo wake ulikuwa kwenye uganga wa hospitali, kwa sababu hesabu, kemia na biolojia atakuwa ameziacha nyuma.

Kwa hiyo mwaka wa 7 mfahamu mtoto. Mwaka wa 8, muhula wa kwanza, nenda kwao. Muhula wa pili zungumzeni opsio na shule zenyewe. Ukingoja mwezi wa 5, utabaki kujaza fomu tu.

Hatua ya 2: Muulize anaitwaje, na mnaongea lugha gani

Jina la kabila linaweza kumfunga mtoto mdomo. Wako wanaojiita Batwa, wako wanaosema Bambuti, majirani Washi wanasema Barhwa, na kwenye miradi wanaitwa "peuples autochtones", ambayo mitaani imefupishwa kuwa PA. Neno "mbilikimo" liache kabisa. Hata "Mutwa" likitamkwa na mtoto mwingine kwa kicheko linakuwa tusi, ingawa likitamkwa na bibi yake ni jina la nyumbani. Kwa hiyo tumia jina lake mwenyewe, jina na post-nom (jina la pili) kama wenzake wote. Habari ya kabila ailete yeye akitaka.

Mazungumzo ya kwanza yasiwe ya Kifaransa. Batwa wa kandokando ya Kahuzi-Biega wanaongea lugha za majirani: Mashi, Kihavu, Kitembo, pamoja na Kiswahili. Mtoto anayejibu neno moja moja kwa Kifaransa anaweza kukueleza kwa Mashi, bila kukwama, jinsi alivyotengeneza redio ya jirani. Lakini Kifaransa usikisahau. Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza humanite, inaanza na hors-session (sehemu ya awali) yenye dissertation (insha) na mtihani wa mdomo, kisha siku 4 za session ya kawaida, na kufaulu ni 50%. Kifaransa chake kikiwa dhaifu, mpangie mazoezi ya kusoma tangu sasa. Usikifanye kuwa sababu ya kumpeleka opsio ndogo.

Yale maswali ya kupima vipaji yaliyotoka Ulaya, yanayouliza kama mtoto anapenda makumbusho au piano, yaweke kando. Mimi natumia maswali haya:

- Nisimulie siku yako ya jana, toka ulipoamka.
- Kazi gani nyumbani wanakuachia wewe kwa sababu unaiweza?
- Watu wanakuja kukuomba nini?
- Ni somo gani ulilolielewa hata siku ambayo hukula?
- Nani unamfahamu anayefanya kazi unayoitamani? Umemwona wapi?

Swali la mwisho lisikilize kwa makini. Mtoto ambaye kazi zote alizoziona kwa macho yake ni kulima shamba la mtu, kubeba mizigo na kuchoma makaa hawezi kutamani kazi asiyoijua. Akikuambia "sijui", mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Usiandike kwamba hana nia.

Hatua ya 3: Soma buletini pamoja na daftari la mahudhurio

Hapa ndipo ninapoomba mwalimu akae muda mrefu. Chukua buletini ya mtoto (karatasi ya alama zake), weka kando yake daftari la kuita majina, na kalamu nyekundu. Kwa kila muhula hesabu siku alizokosa na uandike sababu: minervali, kibarua, ugonjwa, mvua, vita, kutojulikana.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia msichana mmoja "uwezo mdogo, apelekwe Ushonaji". Alikuwa na 41%. Mwaka uliofuata, nikitafuta kitu kingine, nilifungua daftari la mahudhurio nikakuta muhula wa pili alikosa zaidi ya nusu ya siku, karibu zote kwa kufukuzwa minervali. Katika mitihani ya hesabu aliyokuwapo hakuwahi kushuka chini ya 60%. Sikuwa nimepima uwezo wake. Nilikuwa nimepima mfuko wa mama yake. Tangu hapo sisaini fomu yoyote kabla ya kufungua madaftari yote mawili.

Kwa hiyo andika alama mbili: wastani wa buletini, na wastani wa majaribio aliyofanya akiwapo darasani. Zikitofautiana sana, mpelekee prefe zote mbili na umweleze. Prefe wengi wanaelewa wakionyeshwa karatasi.

Hatua ya 4: Nenda kwao

Usimwite mzazi shuleni. Kumwita shuleni maana yake kwake ni deni. Nenda wewe, baada ya saa za shamba, na umwombe mtoto akutangulie kutoa taarifa.

Kabla ya kwenda, jua historia ya hapo unapokwenda. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 1980 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ukisema nchi yetu ilivunja haki za Batwa katika kuwatoa pale. Familia nyingi mpaka leo zinakaa kwenye ardhi ya mtu mwingine na kula kwa kibarua cha siku. Ukijua hayo, swali la mzee "huyu mtoto ataanza kuleta chakula lini?" hutalisikia kama ujinga. Ni hesabu ya mtu ambaye akimpoteza mfanyakazi mmoja, bugali inapungua jioni hiyo hiyo.

Ukifika, salimia wakubwa kwanza, kaa pale wanapokukalisha, pokea wanachokupa hata kama ni maji tu. Usipige picha. Watu hawa wamepigwa picha na wageni wengi walioondoka wasirudi, na simu ikitoka mfukoni mazungumzo yanageuka kuwa ya mradi. Usiahidi pesa. Sema wazi: "Papa, Mama, mimi ni mwalimu wa mtoto wenu. Sina mradi. Nimekuja tuzungumze masomo yake."

Tafuta nani mwenye neno la mwisho. Kwa watoto wengi niliowafuata, aliyeamua alikuwa bibi au mama mkubwa, baba akiwa amekwenda kutafuta kazi kwenye machimbo. Muulize huyo mambo matatu: anamwona mtoto akiwa mtu gani, kazi gani za nyumbani hazitakuwa na mtu akienda kusoma mbali, na nini kiliwapata watoto waliosoma kabla yake. Jibu la tatu litakufundisha mengi. Kama binamu alipata diploma na sasa anabeba mchanga mtaani Kadutu, huwezi kumwambia bibi kwamba shule ni ufunguo wa maisha. Itabidi umwonyeshe njia fupi inayoonekana kwa macho.

Hatua ya 5: Fungua opsio moja moja, na ukweli wake

Kwanza ondoa mazoea mawili. La kwanza ni kumpeleka kila Mutwa kwenye kazi za mikono, eti ndizo zao. La pili limevaa nguo nzuri zaidi: kumwambia kila Mutwa awe mlinzi wa hifadhi au mtaalamu wa miti shamba, kwa sababu "msitu ni wao". Mtoto aliyezaliwa karibu na kijiji cha Miti miaka ya 2010 huenda hajalala msituni hata usiku mmoja. Mlinzi wa hifadhi kwa baadhi ya familia hizi ni mtu aliyewafukuza, na kwa nyingine ni mjomba anayepokea mshahara. Uliza kabla ya kupendekeza.

Kisha fungueni opsio mbele ya mtoto na mkubwa wake, kwa maneno ya kawaida.

*Pedagojia.* Inapatikana hata vijijini, haina vifaa vya bei kali, na akimaliza anaweza kufundisha shule ya msingi bila kusubiri chuo. Akitaka kuendelea, chuo cha ualimu cha ISP Bukavu kipo. Sema pia ukweli wa mishahara: mwalimu mpya anaweza kufundisha muda mrefu akiwa "NU", yaani bado hajaingia kwenye orodha ya kulipwa na Serikali. Familia isiyo na shamba ijue hilo mapema.

*Ufundi wa afya.* Shule za ITM (sekondari za afya) zinatoa wauguzi wa ngazi ya A2, yaani ya sekondari, na chuo cha ISTM Bukavu kinaendeleza. Ada ni kubwa kuliko Pedagojia, kuna sare na vifaa vya mafunzo. Lakini muuguzi anayeongea na mama mjamzito bila kumdharau, katika kituo ambacho Batwa wanaogopa kuingia, ni kazi ambayo nimeona watoto wakiitamani mara tu walipoona mtu anayeifanya.

*Opsio za sayansi: kemia, biolojia, hesabu, fizikia.* Hizi ndizo Mutwa hapewi. Ugumu si kabila, ni shule: vijijini hakuna maabara, na mwalimu wa fizikia anabadilika kila muhula. Mtoto mwenye alama nzuri za hesabu anastahili shule yenye mwalimu wa hesabu, hata kama ni mbali kidogo. Karibu kabisa na vijiji hivi kuna kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947, na kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu. Omba ruhusa, wapeleke wanafunzi nusu siku. Kuona mtu akitazama jani kwenye hadubini kunasema zaidi ya hotuba yako.

*Kilimo na mifugo.* Nzuri, yenye vyuo vya kuendelea hapa hapa mkoani. Lakini muulize mzee: atalima wapi? Kama familia haina ardhi, elekea upande wa mifugo midogo, chanjo, mbegu, au kazi ya ushauri wa wakulima. Chuo cha ISDR nacho kinafundisha maendeleo ya vijijini.

*Ujenzi, umeme, makanika.* ITFM hapa Bukavu na shule nyingine za ufundi. Na kwa kijana wa miaka 18 asiyeweza kungoja miaka 4, INPP, taasisi ya Serikali ya mafunzo ya kazi, ina mafunzo mafupi. Fundi umeme anaanza kula mapema, na bibi analiona hilo.

*Ushonaji.* Opsio ya heshima kwa anayeipenda. Kabla ya kumwandikisha msichana hapo muulize swali hili, mkiwa wawili tu: "Kama opsio zote zingekuwa na bei moja, ungechagua ipi?"

Sheria haiko kwenye opsio za sekondari, ila itaje. Vyuo vikuu vya Bukavu, UOB na UCB, vina kitivo cha sheria, na jamii yenye kesi ya ardhi iliyofika mpaka Tume ya Afrika inawahitaji wanasheria wake yenyewe. Mtoto anayependa kubishana kwa hoja asikie hilo akiwa bado darasa la 8.

Hatua ya 6: Chagua benchi kabla ya kuchagua shule

Watoto wengi wa Batwa hawashindwi na masomo. Wanashindwa na kicheko. Mwenzao anahamisha daftari, anakataa kunywa kikombe kimoja, anawaigiza wanavyoongea. Mtoto anavumilia mwezi mmoja, kisha anaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Tembelea shule mpya kabla hajaandikishwa. Muulize prefe ana wanafunzi wangapi wa Batwa na waliomaliza ni wangapi. Muulize mkuu wa nidhamu anafanya nini mtoto akitukanwa kabila. Akijibu kwamba ni utani wa watoto, tafuta shule nyingine kama ipo. Ikiwezekana wapeleke wawili pamoja. Mmoja peke yake katika darasa la 50 ni mzigo mkubwa mno.

Kwa msichana anayekuja mjini kuna swali la pa kulala. Nyumba ya "mama mwema" wa Bagira au Ibanda inaweza kumgeuza mfanyakazi wa ndani: anachota maji alfajiri, anapika, anafika darasani saa 3 akiwa amechoka. Kabla hajahamia, kaeni pamoja, wewe, mama mwenyeji na mama mzazi, mkubaliane saa za kazi, saa za kusoma, chumba anacholala na nani wengine wanalala humo. Rudi baada ya wiki tatu bila kutoa taarifa.

Haya ya benchi yanawahusu na wengine. Una mwanafunzi Munyamulenge, Muhutu wa Kalehe, Mrega aliyekimbia Shabunda, na tangu kundi lenye silaha la M23 lilipoingia Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025 macho ya watu yamekuwa makali. Usimuulize yeyote familia yake iko upande gani. Usimtume achague kazi "itakayomficha". Muulize tu anajisikia salama kusoma wapi, na uheshimu jibu hata kama linaharibu mpango wako mzuri.

Hatua ya 7: Karatasi, halafu pesa

Naanza na karatasi kwa sababu zinachelewa kuliko pesa. Watoto wengi wa Batwa hawakuandikishwa walipozaliwa. Kwa sheria, kuandikisha ndani ya siku 90 ndiyo njia rahisi. Baada ya hapo inahitajika hukumu ya mahakama badala ya cheti, na hiyo ni safari na gharama. Ianze darasa la 7.

Kisha linganisha majina. Chukua cheti cha msingi, buletini zote na fomu ya TENASOSP, usome jina, post-nom na prenomu herufi kwa herufi. Kosa dogo, "Rh" likiandikwa "R", linaweza kumsumbua siku ya kutoa diploma. Lisahihishwe sasa kwa barua ya prefe.

Pesa iandikeni kwenye ukurasa mmoja: minervali ya kila muhula, sare, madaftari, usafiri, pa kulala, vifaa vya opsio, na mbali kule ada ya Exetat. Shule bila malipo iliyoanza Septemba 2019 ni ya darasa la 1 mpaka la 6. Kuanzia darasa la 7 mpaka humanite wazazi bado wanalipa, na wengine hugundua hilo mlangoni. Kandokando ya kila mstari andika nani anatoa. Wakibaki na pengo, hilo ndilo unalolitafutia msaada: parokia, likelemba (mchango wa zamu) ya akina mama, au shirika linalosimamia wanafunzi wa Batwa. Ni rahisi kuombea "sare na viatu" kuliko kuombea "mtoto maskini".

Ijue pia Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda watu wa asili wa Kongo. Inataka Serikali iwarahisishie watoto hawa kusoma. Kuitaja peke yake hakumlipii mtu minervali, lakini barua ya kuomba punguzo inayoanza na sheria hiyo inasomwa kwa namna nyingine pale sous-division (ofisi ya elimu ya eneo). Mpe mzazi nakala.

Hatua ya 8: Mlete aliyepita njia hiyo

Tafuta Mutwa mmoja anayefanya kazi: mwalimu, muuguzi, fundi. Wapo, ingawa si wengi. Mlipie nauli ya pikipiki, aje kuongea na wanafunzi wako bila wewe chumbani. Usimpangie maneno. Atawaambia kuhusu matusi, jinsi alivyokosa chakula mjini, na jinsi ndugu walivyomwona amegeuka Mushi. Ni mambo ambayo wewe huna ruhusa ya kuyasema.

Hatua ya 9: Daftari la kufuatilia

Mpango ulioandikwa mwezi wa 6 unavunjika mwezi wa 10. Nunua daftari moja, kila mtoto ukurasa wake: opsio aliyoichagua mwenyewe, opsio ya pili kama ya kwanza ikishindikana, namba ya simu ya jirani mwenye simu, jina la mkubwa mwenye neno la mwisho. Njia ya pili iwe ya hapa karibu, kwa sababu barabara na uwanja wa ndege wa Kavumu tumeona vinavyoweza kufungwa kwa siku moja.

Piga simu mara nne kwa mwaka: wiki ya pili ya Septemba, wiki ya kwanza baada ya Noeli, siku orodha ya minervali inapobandikwa, na wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Asipopatikana mara mbili mfululizo, usingoje ya tatu. Panda pikipiki uende kwao, na ukifika mwulize bibi kwanza.